Milango ya Katibu

Hata mke wake alimwita Katibu. Nimemjua miaka mingi, nimekula kwake, nimegombana naye watu wakisikia, na sijawahi kumwita kwa jina jingine. Alikuwa katibu wa kila kitu kilichokuwa na kikao: kamati ya mazishi, kwaya ya kanisa letu la Wasabato, kituo cha kupimia majani ya chai kule kwetu Itumbe, mradi wa maji, halmashauri ya shule ya msingi. Wenyeviti walichaguliwa wakatolewa, waweka hazina wakafukuzwa kwa aibu, yeye akabaki. Watu walimhurumia kwa kazi zisizo na mshahara. Mimi sikumhurumia, kwa maana nilijua anazipenda. Mpe ajenda na kiti karibu na dirisha, utaona mtu ananawiri.

Mimi naitwa Moraa, nauza ndizi mjini Keroka, na subira sina. Nasema mapema usije ukanishangaa mbele. Katibu namkumbuka kwa sababu mdogo wangu Kerubo alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akanyang'anywa simu, na njia pekee iliyobaki kati yake na sisi ikapita kwenye kompyuta ya mzee huyo. Nilichotaka ni kimoja tu, Kerubo arudi amkute Mama. Mama alikuwa na presha, na kila msimu ilikuwa ikimpunguza.

Ofisi ya Katibu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la mbolea na dawa za mifugo. Ukiingia unapokewa na harufu ya dawa ya kupe. Mezani ilikaa kompyuta ya zamani, nzito, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua, kama vile vya kufunikia makochi siku ya wageni. Kabla hajaifungua alikitoa kitambaa, akakikunja, akainamisha kichwa akaomba. Ukimsalimia katikati ya maombi hakujibu. Wateja wa duka walidhani mle ndani kuna mgonjwa.

Ndani ya kompyuta ile alikuwa na programu moja ya barua pepe, na ndani ya programu hiyo alikuwa ameziweka imeli zote za kamati zake. Zilipangwa upande wa kushoto wa kioo, moja chini ya nyingine, kila moja na jina lake: Kamati ya Mazishi juu kabisa, kisha Kituo cha Chai, Maji, Shule, Kwaya, na yake mwenyewe mwishoni. Vijana wetu walimcheka. Walimwambia siku hizi mambo ni kwenye simu, mzee, wacha hiyo mashine. Yeye aliwajibu kwamba simu huibiwa. Na tena, programu yake ilizivuta barua zote kwa pamoja asubuhi, akazima intaneti ili bando isiishe, akazisoma kwa raha zake. Alikuwa mtu wa kubana bando kupita kiasi.

Kila imeli aliiita mlango. Ukija kuuliza kama shule imejibiwa, anakuambia ngoja nikufungulie mlango wako. Akishaufungua anakigeuza kioo upande ili usione milango ya wengine. Mwenyekiti wa mradi wa maji alimjia wakati mmoja akitaka kuchungulia kidogo tu barua za kituo cha chai, kwa vile shemeji yake alikuwa na kesi na karani wa mizani. Katibu alimtazama, akarudisha kitambaa juu ya kompyuta, akakunja mikono mpaka mwenyekiti akaaga. Hilo nililipenda. Katika mji ambao kila mtu anajua umekula nini jana, mzee huyu alijua siri za watu wa nusu ya tarafa na hakuna iliyowahi kumtoka.

Lakini alikuwa na pole pole ya kukuua. Kabla ya kuandika alisafisha miwani. Aliandika kwa vidole viwili, akasoma, akafuta, akaandika upya. Mimi nimeacha ndizi zangu juani, nampigia miguu chini, yeye anasema, "Moraa mwanangu, usiniharakishe. Mimi si jiko la gesi." Na hapo ameshapoteza alipokuwa anasoma, anaanza tena juu.

Jambo lingine lilinishinda kuelewa. Mtu mkali vile, anayekagua kila nukta, aliwaamini matapeli. Ile imeli ya mjane tajiri anayekufa na kansa na anatafuta Mkristo mwaminifu wa kumwachia mali yake, wewe na mimi tunaifuta. Katibu alimjibu. Alimpa pole kwa ugonjwa, akamshauri atafute wakili wa huko huko kwao, na akamtumia aya ya kusoma. Nilipomwambia kwamba huyo mjane ni kijana mwenye ndevu, aliuliza, "Na kama si kijana?"

Alikuwa na sheria zake za uandishi, alizotoka nazo alikokuwa karani zamani. Mojawapo ilikuwa kwamba hajibu barua juu ya barua ya mwenzake. Ile sehemu ya kujibu, unayobonyeza na maneno ya aliyekuandikia yanabaki chini, aliiona ni utovu wa adabu, ni kama kuandika pembeni mwa karatasi ya mtu. Kila jibu alilianza kwenye ukurasa mpya, mweupe. Halafu, kwa kuwa ukurasa mpya katika programu yake ulifunguka siku zote kwa jina la mlango wa juu kabisa, yaani Kamati ya Mazishi, ilimbidi kila mara achague mwenyewe barua inatoka mlango gani. Alilifanya hilo kwanza, kabla ya salamu. Nimemwona akilifanya nikiwa nimesimama nyuma yake nikisonya, na hakulikosa.

Kwa nini mazishi yawe juu? Kwa sababu kwetu mambo yalianzia hapo. Waliohama kwetu wakaenda Nairobi, wakaenda Qatar, wakaenda Amerika, hawakutafutwa kwa ajili ya mradi wa maji. Walitafutwa mtu alipofariki. Ndiyo imeli ya kwanza Katibu aliyoifungua, na ndiyo iliyowafikia watu wengi kuliko zote.

Na hapa lazima nieleze kitu, maana mgeni hawezi kukielewa. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi wazi kwamba mzazi wake amekufa. Huwezi kumtupia mtu habari ile akiwa peke yake kati ya wageni, hana wa kumshika. Unamwambia atulie. Unamwambia mama yuko sawa, tuko naye, wewe jaribu kufika tu. Akifika ndipo wazee wanamketisha. Kila mmoja wetu anajua hivyo, kwa hiyo ukipigiwa simu ghafla ukaambiwa tulia, mama yuko sawa, wewe tayari umeanza kulia. Katibu alikuwa fundi wa barua za namna hiyo. Aliandika kwa upole mpaka unatamani asiwe mpole. Na chini ya kila barua ya mlango ule, programu yenyewe iliweka sahihi aliyoipanga: Kwa niaba ya Kamati ya Mazishi.

Sabato yake ilikuwa ya chuma. Ijumaa jua likianza kulegea alifunga programu, akafunga kompyuta, akarudisha kitambaa, akashika njia ya kwenda kwake. Mpaka jua la Jumamosi lizame, hata ungemwambia rais amemwandikia, hakufungua. Alikuwa mzee wa kanisa, na mahubiri yake mengi yalihusu watu wanaoiba saa za Mungu kidogo kidogo.

Sasa Kerubo. Kabla hajaenda Uarabuni alikuwa mwandishi wa kwaya, na mlango wa Kwaya aliufungua yeye, na Katibu akauingiza kwenye programu yake. Simu iliponyang'anywa, namba zetu zote zilikwenda nayo. Kilichobaki kichwani mwake ni imeli ile ya kwaya. Katika nyumba aliyokuwa, mwajiri alimpiga, chakula alipewa mabaki, na mlango wa nje ulifunguliwa wakati wa kutupa takataka tu. Ila kila Ijumaa mchana familia ilikwenda kwa bibi yao mpaka usiku, na tableti ya watoto ikabaki chini ya kochi. Kerubo akaandika hapo. Barua ya kwanza ilisema, "Katibu, mwambie Moraa niko hai lakini siwezi. Mama anaendeleaje?"

Ona mkosi wetu. Yeye anaandika Ijumaa mchana. Katibu barua amezivuta asubuhi, na jua likilegea anafunga. Barua inalala mpaka Jumamosi jioni, tunaijibu, na yeye hawezi kulisoma jibu mpaka Ijumaa nyingine. Tukaongea hivyo, sentensi moja kwa juma. Nilimwomba Katibu achelewe kufunga, hata kidogo. Alinijibu kwamba Mungu anaijua Ijumaa ya Kerubo. Nikamwambia Mungu anaijua, lakini mwenye paswadi ni wewe. Hakukasirika, wala hakuchelewa.

Mimi nilizunguka. Nilikwenda kwa ajenti aliyempeleka, nikakuta ofisi imekuwa kinyozi. Nilikwenda kwa chifu. Mwishowe mwanakwaya mmoja akanipatia namba ya mama Mkenya anayeishi nchi ile ile, anayesaidia mabinti kutoka kwenye nyumba kama zile. Ijumaa moja mchana mama huyo akanipigia. Alisema amepanga gari na mtu wa ubalozi, watamchukua Kerubo Jumatatu, mlangoni, kwa karatasi halali. Akanionya jambo moja, akalirudia: asitoke kabla. Akitoka peke yake, bila pasi, atahesabiwa mtoro, watamkamata, na hapo hata yeye hana la kufanya.

Nilikimbia. Niliwaachia majirani ndizi zangu nikavuka barabara bila kutazama lori. Nilimkuta Katibu amesimama, koti amevaa, kompyuta imeshafunikwa. Nje jua lilikuwa limeegemea paa za upande wa pili. Nikamweleza kwa pumzi moja. Akatazama dirishani. Nikamwona anapigana na nafsi yake, nami nikamwambia kwamba akitoka mle ndani bila kuandika nitalala mlangoni pake kesho na kanisa lote litapita juu yangu.

Akakitoa kitambaa. Hakukikunja. Akaniambia, "Simama mlangoni uniangalizie jua."

Nikasimama mlangoni nikaangalia jua. Mashine ile ilichukua muda wake kuwaka, unajua za zamani. Nikasikia vidole vyake viwili, na kwa mara ya kwanza vilikuwa na haraka. Alinisomea alichoandika: "Kerubo binti yetu. Tulia. Usitoke hapo ulipo, Jumatatu watu watakuja kukuchukua. Kuhusu Mama usiwe na wasiwasi, sisi tuko naye. Tunakuombea." Nikasema sawa, tuma. Akatuma, akazima, akafunika, akapita karibu na bega langu akinung'unika wimbo. Jua lilikuwa bado kidogo. Nilirudi nyumbani Itumbe nikamwambia Mama kwamba Jumatatu mtoto anatolewa. Mama alichinja kuku, yule tuliyekuwa tumemwacha atage.

Jumamosi jioni tulikutana ofisini, jua likiwa limeshazama kabisa. Katibu alikunjua uso, akaomba, akafungua programu. Mlango wa Kwaya ulikuwa mtupu. Nikasema basi amesoma na ametulia. Kisha nikaona Kamati ya Mazishi, pale juu, imekolea wino kama inavyokuwa kukiwa na barua mpya. Katibu alisema, "Maskini, nani tena ametutoka?" Akafungua.

Zilikuwa barua za Kerubo. Ya kwanza: "Katibu, ni Mama?" Ya pili: "Nijibu tafadhali. Ni Mama?" Ya tatu ilisema hawezi kungoja Jumatatu, asije akakuta wameshazika, anatoka usiku huu huu, wakimfungulia kutupa takataka.

Sikuelewa upesi. Katibu alielewa. Alikwenda kwenye barua zilizotumwa, akafungua yake ya Ijumaa, na pale juu ilikuwa imeandikwa imetoka Kamati ya Mazishi, na pale chini, chini ya maneno yale yote ya kutulia na Mama tuko naye na watu watakuja kukuchukua, programu ilikuwa imeweka ile sahihi ya mazishi. Hakuwa amechagua mlango. Kwa binti wa kwetu, aliyefungiwa peke yake, barua ile ilikuwa na maana moja tu. Na alipouliza, alituuliza Sabato imeshaingia, na kompyuta ikiwa chini ya kitambaa.

Nilimwambia Katibu maneno. Nilimwambia ameniulia mdogo wangu kwa sababu ya ukurasa mweupe na jua. Nililia kwa sauti mpaka mwenye duka akaja kutazama. Maneno yale sijayajutia, kwa sababu siku ile yalikuwa ya kweli. Yeye hakujitetea. Alikaa na mikono mapajani, akitazama yale maneno, Ni Mama, Ni Mama.

Jumatatu gari lilifika, Kerubo hayupo. Mwajiri alikuwa ameshaandikisha kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Yule mama Mkenya alitafuta kwenye vituo vya polisi alivyovijua, akatafuta hospitalini, halafu naye akaacha kupokea simu zangu, na simlaumu, mabinti ni wengi.

Tangu hapo Katibu alibadilika, na wengi hawakujua ni kwa nini. Mlango wa Kwaya aliuhamisha ukakaa juu kabisa. Ile sahihi ya mazishi aliifuta. Sheria yake ya ukurasa mpya aliivunja kwa ajili ya mtu mmoja: alimjibu Kerubo juu ya maneno yake mwenyewe, ili pale alipouliza ni Mama, jibu lionekane karibu yake, hapana, si Mama, Mama yuko hai. Aliandika kila Ijumaa. Nami niliandika, nikaweka namba yangu ya simu. Mama alisema maneno yake kwa Kigusii na Katibu akayaandika vilevile, kwamba arudi, kwamba ng'ombe amezaa, kwamba yeye hajafa na hana mpango huo. Tukatuma na picha yake akiwa na kikapu cha chai mgongoni, anacheka, meno yote nje.

Kimya. Lakini barua hazikurudi. Katibu alinieleza kwamba ukituma kwenye imeli iliyokufa, inarudi na maelezo ya Kizungu. Zetu hazikurudi. Nilijifunza kuishi kwa kitu kidogo kama hicho. Kuna wiki nilikwenda pale si kuuliza kama amejibu, bali kuuliza kama imerudi, na akisema haijarudi nilirudi kwenye ndizi zangu nikiwa na nguvu.

Kilichowashangaza watu ni kwamba alianza kufungua kompyuta siku ya Sabato. Ijumaa jioni hakwenda nyumbani. Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa kanisani, yeye alikuwa Keroka kwenye chumba cha dawa za mifugo, amevaa suti ya kanisani na tai, anatazama mlango wa Kwaya. Wazee walimwita wakamuuliza. Aliwaambia kwamba yupo binti ambaye huandika Ijumaa. Walimvua uzee wa kanisa, kwa upole, wakamwachia kiti cha kawaida ambacho hakukalia. Mkewe alinijia akaniomba nimwambie aache. Nilikwenda nikiwa na nia ya kumwambia. Nilipomkuta na tai yake nikashindwa, nikakaa naye tukatazama pamoja.

Mama naye alikuwa akiisha. Kila Ijumaa nilipofika nyumbani aliuliza swali moja, "Amejibu?" Nilimwambia bado. Hakulalamika, alirudi kuchambua mboga. Siku zake za mwisho alishindwa kwenda shambani, akawa anakaa kwenye ngazi ya mlango akitazama barabara ya kiwanda cha chai. Niliogopa kila nilipokuwa mjini. Nikisikia simu inalia nilitazama kwanza ni namba ya nani. Nilimwomba Mungu anipatie mmoja wao kabla ya mwingine, yaani nilifika hapo, kumpangia Mungu foleni.

Alifariki asubuhi, chai ikiwa jikoni.

Mara ya mwisho nilipokaa na Katibu ni siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumempeleka Mama mochari, na ilibidi mtu aende kwa katibu wa kamati ya mazishi atangaze, na mtu huyo ni mimi. Nilimkuta amekonda, miwani imeshikwa na gundi upande mmoja. Aliniona usoni, akasimama. Hakuuliza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Pole, mwanangu."

Kisha akakaa, akafungua programu. Alisema kabla ya kuwaandikia wengine wote amwandikie Kerubo. Nikamwambia amwandikie nini sasa, atulie? Tumtulize mara ngapi? Akasema hapana. Alisema kwamba maisha yake yote ameandika msiba kwa kuzunguka, akidhani anawasaidia watu, na binti yule alipotea ndani ya maneno ya kuzunguka. Safari hii atasema. Alifungua mlango wa Kwaya, akautazama sana mpaka akahakikisha ndio wenyewe, akaandika: "Kerubo binti yetu. Mama yako amefariki. Nakuambia wazi." Akanitazama kama nina la kuongeza. Akatuma.

Tukaanza orodha ya Nairobi na ya ng'ambo. Mimi nilimtajia majina, yeye akaandika. Hatukuwa tumefika mbali Kwaya ilipokolea wino.

Aliondoa mkono kwenye kibodi kama imemuunguza. Akafungua, akajaribu kusoma kwa sauti, akashindwa, akanigeuzia kioo.

"Katibu, asante kwa kuniambia wazi mwishowe. Nilijua tangu siku ile. Barua zenu zote nimezisoma na picha ya Mama nimeitunza, lakini maneno ya kunituliza yalinishinda kujibu. Nilifungwa, nikatolewa, sasa niko salama na dada mmoja Mkenya, na karatasi zangu za kurudi zimepita. Nilikuwa nimekataa kuja. Nilisema nije kwa nani, na hata watu wangu hawataki kuniambia ukweli. Sasa mmeniambia. Mwambie Moraa nakuja kuona kaburi."

Nilipiga kelele, sijui ya furaha au ya nini. Yuko hai. Mdogo wangu yuko hai, anaongea, anakuja. Nilimshika Katibu mabega nikamtikisa. Naye alikuwa akilia bila kujifuta, anatikisa kichwa, na ndipo maneno yakaniingia vizuri, moja moja. Kila Ijumaa tuliyomwandikia Mama yuko hai, yeye huko alisoma kwamba Mama amekufa. Picha ile ya meno nje aliitunza kama picha ya marehemu. Alikuwa anaweza kuja, na Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi anatazama barabara.

Katibu aliuliza kwa sauti ndogo, "Moraa, nimwambie? Au tumwache na hiyo ya kwake?"

Nilifikiri. Ningeweza kusema tumwache. Mtu ameshalia kilio chake, amekimaliza, kwa nini umpe kingine kikubwa zaidi? Lakini atashuka kwenye gari Itumbe, atakuta hema uani na moto wa watu wa matanga, na Mama bado hajatoka mochari. Hata tukimficha, atauona uso wa Mama.

"Mwandikie," nikasema. "Mwambie kaburi bado halijachimbwa."

Akaandika hivyo hivyo, kwa vidole viwili, akatuma. Tukakaa pale mimi na yeye, tukingoja aisome.